Maswali ya kila siku kibandani: lile gemu la kukimbia mbona haliachiki?

Nina kibanda cha ufundi simu hapa Dodoma, upande wa Majengo, mwaka wa tisa sasa. Watu wanaleta simu kioo kimepasuka, nyingine imegoma kuchaji, nyingine imetumbukia kwenye ndoo ya maji, alafu wakikaa pale kwenye benchi kusubiri maswali yanakuwa yale yale, na nusu yake ni kuhusu gemu la yule dogo anayekimbia relini. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo huku nimeshika hita mkononi, nimeamua niyaandike, ukija nakuonyesha unasoma mwenyewe. Sijayapanga, yapo kama yalivyonijia.

Unaongelea gemu gani hasa, maana yapo mengi?

Hapa kwetu ukisema "gemu la treni" watu wanaelewa Subway Surfers, basi. Lilitoka Mei 2012, waliotengeneza ni Wadenmark, kampuni mbili zilishirikiana, Kiloo na SYBO, na Machi 2018 likawa gemu la kwanza kudaunlodiwa mara bilioni 1 kwenye Google Play. Stori yenyewe fupi: dogo anaitwa Jake, kakutwa anachora behewa kwa rangi ya kupuliza, inspekta na mbwa wake wanamfukuza, kuna njia tatu, wewe unaswaipu kushoto, kulia, juu, chini. Imeisha hiyo.

Ila ukoo wake ni mkubwa. Kabla yake kulikuwa na Temple Run ya 2011, yule jamaa kaiba sanamu hekaluni anakimbizwa na manyani, hilo lilitoka kwa Keith Shepherd na mkewe Natalia Luckyanova kule Marekani, mwanzo lilikuwa la kununua, walipoligeuza la bure ndipo likalipuka. Na nyuma zaidi, 2009, kuna Canabalt la Adam Saltsman, mtu anakimbia juu ya mapaa na kazi yako ni kubonyeza sehemu moja tu aruke. Kubonyeza tu! Humwongozi, humsimamishi, yeye anakimbia na wewe unamwokoa. Yote yaliyofuata yamejengwa juu ya wazo hilo.

Na yule dinosa wa Chrome anayetokea mtandao ukikata naye ni ukoo huo huo, yupo tangu 2014. Msijifanye watoto ndio wenye shida, nimeletewa simu na watu wazima wa maofisini kule Mtumba, nikifungua namkuta dinosa kasimama anasubiri.

Sasa kwanini ukianza huachi?

Hili ndilo swali lenyewe, kaa vizuri.

Wengi wanadhani ni picha nzuri, au rangi, au muziki. Hapana. Mimi jibu langu ni moja, kwenye hili gemu kufa ni bure na hakuna anayekuambia pisha.

Nenda kaangalie wazee wanacheza bao chini ya mti. Ukifungwa unachekwa kwanza, unasemwa, afu unanyanyuka unampisha mwingine, unakaa pembeni unasubiri zamu yako irudi. Karata ni hivyo hivyo, draft ni hivyo hivyo, pool table ukipigwa unapisha na hela umeacha mezani. Hapo katikati, ule muda umekaa pembeni, ndipo unakumbuka kwamba uliacha maharage jikoni, au kwamba mke wako alikutuma mafuta ya kula na saa inaenda. Kwahiyo kufungwa kunakupa nafasi ya kuondoka, hata kama hukuitaka.

Kwenye gemu la kukimbia ile nafasi wameiondoa. Unagonga treni, pa, skrini inakuonyesha skoo yako, chini kuna kitufe kikubwa cha kucheza tena, kidole chako tayari kipo pale pale jirani, unagusa, sekunde mbili tatu dogo anakimbia. Hukunyanyuka, hukuchekwa, hukulipa, hukumpisha mtu. Maharage yanaungua.

Cha pili kosa linakuwa lako kila mara. Nisikilize vizuri hapa maana ndipo ujanja ulipo. Ukipigwa karata utasema zilichanganywa vibaya, mpira utasema refa. Ila hapa treni uliiona. Ilikuwa pale mbele, kubwa, ina taa. Wewe ndio umechelewa kuswaipu. Kwahiyo unachojiambia ni "ningewahi kidogo tu", hujiambii kwamba gemu ni gumu. Na dawa ya kuwahi kidogo ni nini? Kurudia. Mtu anayeamini amekosea kidogo hawezi kukubali kuacha, mtu aliyepigwa nane bila ndio anaacha.

Cha tatu halina mwisho. Hakuna mahali utafika uambiwe hongera umemaliza. Gemu zile za zamani za kuruka ruka zilikuwa na mfalme wa mwisho, ukimuua umemaliza, unaenda kulala. Hapa unashindana na namba yako ya jana, na ukiivunja leo ndio inakuwa ukuta mpya wa kesho.

Mbona nikikaribia rekodi yangu ndio linaniletea treni tatu kwa mpigo? Linanijua?

Halikujui. Nimebishana na vijana wa bodaboda juu ya hili mpaka tukakosana.

Iko hivi, njia haijachorwa yote toka mwanzo. Kuna vipande vipande vimetengenezwa tayari, kipande cha treni mbili na kizuizi, kipande cha ngazi ya kupandia juu ya behewa, kipande cha handaki, na gemu linavichomoa kwa kubahatisha linaviunganisha mbele yako huku yale uliyopita linayafuta au linayarudisha mbele tena. Ni kama mtu anakutandikia mkeka mbele na kuukunja nyuma. Tena kwenye magemu mengi ya aina hii mkimbiaji wala haendi popote, yupo pale pale, dunia ndiyo inamfuata. Ndio maana linaweza kuchezeka kwenye simu ya bei ya chini, halibebi mji mzima, linabeba vile vipande vichache tu.

Kinachokufanya uone unaonewa ni spidi. Inaongezeka taratibu kadiri unavyokimbia, huioni inavyopanda. Mwanzoni una muda wa kuchagua njia hata huku unaongea na jirani, baadaye kipande kile kile ulichokipita ukicheka kinakujia na huna muda. Mwili una kikomo chake, jicho kuona kitu mpaka kidole kujibu inachukua karibu robo sekunde, huwezi kushusha hapo kwa kutaka tu. Na rekodi yako ipo hapo hapo ambapo spidi inakaribia kukushinda, ndio maana ikaitwa rekodi. Hujaonewa. Umefika kwenye ukuta wako.

Nikicheza dakika tano nikiangalia saa imepita saa nzima, hiyo ni nini?

Kuna mwanasaikolojia mmoja mwenye asili ya Hungaria, Mihaly Csikszentmihalyi (nimeandika jina lake nikilinakili herufi moja moja), alitumia miaka mingi akichunguza watu waliozama kwenye wanachofanya, wapanda milima, wacheza chess, wachoraji, madaktari wa upasuaji. Akaona kazi ikiwa nyepesi sana unaboeka, ikiwa ngumu sana unapata wasiwasi, ikiwa pale katikati inakaba uwezo wako wote ndipo mtu anajisahau, na moja ya vitu anavyosahau ni muda. Sasa gemu ambalo linaanza jepesi na kupanda ugumu kidogo kidogo litakupitisha tu kwenye hiyo katikati yako, uwe mtoto wa darasa la pili au fundi wa miaka tisa, kila mtu na katikati yake.

Mimi mwenyewe limenipata. Jioni moja nimefunga kibanda nimepanda daladala kurudi nyumbani, nimekaa dirishani, nikasema ngoja nikimbie kidogo. Konda anaita vituo namsikia kama redio ya jirani, sauti ipo ila hainihusu. Nakuja kushtuka gari imesimama, taa za ndani zimewashwa, konda ananiambia "kaka mwisho wa gari hapa, au unalala?" Ikabidi nilipe nauli nyingine kurudi, usiku, na ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mke wangu nilimwambia foleni.

Zile boksi za zawadi na funguo zina kazi gani?

Zina kazi ya kukurudisha kesho.

Mwanasaikolojia Skinner, Mmarekani, alifanya majaribio na njiwa. Njiwa anadonoa kitufe anapewa punje. Ukimpa punje kila akidonoa, siku ukiacha kumpa anadonoa kidogo anakata tamaa. Ila ukimpa kwa kubahatisha, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara ishirini, mara saba, huyo njiwa anadonoa mpaka unamwonea huruma, hata ukiacha kumpa anaendelea muda mrefu. Zile mashine za kubahatisha kwenye mabaa zinafanya kazi kwa kanuni hiyo, na boksi ya gemu ambayo hujui ndani kuna sarafu chache au kitu cha maana nayo ni binamu yake.

Funguo ndio janja zaidi. Ukigonga gemu linakuuliza unataka ufufuke kwa ufunguo? Mara ya kwanza ufunguo 1, ukigonga tena kwenye mbio hizo hizo 2, afu 4, afu 8, afu 16. Ukifufuka mara tano umetumia 31. Na swali hilo unaulizwa wakati gani? Moyo bado unadunda, rekodi ipo karibu, na una sekunde chache tu za kuamua. Hakuna muuza duka Majengo nzima anayejua kumkamata mteja wakati muafaka namna hiyo.

Nasikia ni mambo ya dopamini, ni kweli?

Kuna ukweli ila watu wanalitumia hilo neno kama chumvi, kila mahali. Mwaka 1998 watafiti London walipima ubongo wa wanaume 8 wakicheza gemu la kuendesha kifaru, wakaona dopamini inaongezeka kweli wakati wa kucheza. Lakini dopamini inaongezeka pia ukinusa chapati na njaa unayo. Kuongezeka kwake sio ushahidi kwamba umeshakuwa teja.

Mwanangu nikimnyang'anya simu analia kama kafiwa. Karogwa?

Niliulizwa hivi hivi, kwa neno hilo hilo, na mama mmoja anauza nyanya hapo sokoni. Shikamoo mama nikamwambia, hajarogwa, ila wewe unamnyang'anya katikati ya mbio. Jiweke pale alipo: amefika mbali kuliko jana, vidole vimekaza, mkono unatokea juu unachomoa simu. Hata mimi ningelia.

Fanya hivi, mwambie "ukigonga, simu naitaka". Unasimama pale pale, hausogei, akigonga unanyoosha mkono. Atanung'unika ila sio kile kilio, maana mbio zimeisha zenyewe. Kosa ni kumwambia "dakika tano", mtoto anayekimbia hana dakika, kakuelezeni huyo Mhungaria hapo juu.

Kwa wale wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja hata skrini asipewe, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Najua jiko lipo, mteja yupo, na mtoto akipewa simu nyumba inatulia. Nami nafanya. Ila tusimsingizie mtoto kwamba kalipenda mwenyewe, kuna mtu alimpa.

Huo ni ugonjwa au ni kunogewa tu?

Kwa walio wengi ni kunogewa. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uraibu wa magemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, lakini vigezo vyake sio vya mchezo: mtu ameshindwa kabisa kujizuia, gemu limekuwa mbele ya kila kitu, na anaendelea hata akiona maisha yanaharibika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi. Kuunguza maharage mara moja hujafika huko. Kama kijana ameacha shule, halali, haogi, hali, basi usiniletee mimi simu yake nifute gemu, mpeleke hospitali akaonwe yeye.

Linakula bando?

Kukimbia kwenyewe hapana, Subway Surfers unacheza hata data umezima. Kinachokula ni matangazo ya video, hasa yale unayokubali kuangalia ili ufufuke au upate sarafu mara mbili. Zima data ucheze. Utakosa hizo zawadi, ila utaona pia kumbe mbio zenyewe ni fupi.

Simu inapata moto nikicheza, itaharibika?

Toa kava, punguza mwanga, usicheze huku imechomekwa kwenye chaja, na usicheze juani saa saba mchana umekaa Nyerere Square alafu uje uniambie betri nilikuuzia mbovu.

Kuna apk ya sarafu na funguo zisizoisha, niwekee fundi.

Siweki. Kwanza hizo faili za kupita mlango wa nyuma ndio zinaleta yale matangazo yanayotokea hata gemu umelifunga, na mengine mabaya usiyoyaona, afu simu inarudi kwangu.

Pili, na hili nimeliona kwa macho, kijana mmoja alienda kuwekewa kibanda kingine, akarudi baada ya siku tatu nimfungulie nafasi maana simu imejaa. Namuuliza nifute nini, anasema futa hilo gemu. Si ulikuwa unalipenda? Anasema sasa fundi limenoga nini, nina kila kitu. Yani alipewa alichokuwa anakitafuta miezi yote ile na hamu ikaisha siku hiyo hiyo. Kumbe alichokuwa anakipenda ni ile kukosa kidogo.

Kwahiyo nikifikiria vizuri labda hiyo apk ndio dawa. Lakini siweki.

Mtoto kanunua sarafu kwa hela yangu, inarudi?

Kama ni kupitia Google Play omba kurudishiwa mapema, usikae wiki unanuna, kuna utaratibu wake pale pale kwenye akaunti, mara nyingine inarudi mara nyingine hairudi. La maana zaidi ingia setingi za Play Store uweke kwamba kila manunuzi yaombe nywila au alama ya kidole. Nywila isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, anaujua kuliko wewe.

Kwanini video za TikTok wanaweka lile gemu chini wakati juu mtu anaongea stori yake?

Ili usipite. Jicho likichoka na uso wa msimuliaji linashuka kwenye treni, linasubiri kuona kama atagonga, masikio yanabaki kwenye stori. Na wewe hapo hata huchezi, unaangalia mtu usiyemjua akicheza. Sasa kama linaweza kumshika mtu ambaye hajalishika, jiulize mwenyewe lina nguvu kiasi gani.

Watoto wa huku wanalipenda sababu ya SGR?

Inawezekana imechangia kidogo, maana tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 nawasikia dogo wa jirani na wenzake wakicheza kukimbia wanaunguruma kama treni badala ya basi. Hapo sina utani lakini, mwambieni mtoto wazi kwamba reli ya kweli haina ule ubao wa kwenye gemu wa kukuokoa ukigonga. Ile treni inaweza kwenda kilomita 160 kwa saa, na juu yake kuna nyaya za umeme mkubwa. Uzio umewekwa kwa sababu.

Mbona wenye gemu wasiweke mwisho, watu wapumzike?

Kwasababu mwisho wako ndio mwisho wa hela yao, tangazo unaliangalia ukiwa ndani. Kuna mmoja tu namkumbuka alifanya kinyume, Dong Nguyen wa Vietnam, aliyetengeneza Flappy Bird, yule ndege wa kupenya kati ya mabomba. Gemu lilitoka 2013, mwanzoni mwa 2014 likawa juu duniani kote, na Februari hiyo hiyo akalitoa sokoni mwenyewe, akasema watu wamelinogewa mno na yeye linamnyima usingizi. Watu wakaanza kuuza simu zenye Flappy Bird kwa bei za ajabu. Yani hata hapo.

Nifanyeje nipunguze bila kulifuta?

Rudisha ile pisha.

Walikuja ndugu wawili, kaka na dada, simu ya mama yao ndiyo naitengeneza, wakabaki na simu moja ya baba kwenye benchi. Sikuwafundisha, walikuwa na sheria yao: ukigonga unapisha. Dada anakimbia, anagonga, "leta!", kaka anakimbia, anagonga, "leta!" Yule anayesubiri anachungulia, anacheka, anapiga kelele "ruka ruka ruka", na katikati ya kusubiri anaangalia barabarani. Baada ya kama nusu saa yule kaka kaona muuza ubuyu anapita, kampa dada simu moja kwa moja, "cheza tu mimi naenda kununua". Hakuna aliyewanyang'anya. Gemu ni lile lile, funguo zile zile, wameongeza kusubiri tu.

Kama uko peke yako itabidi uitengeneze hiyo pisha kwa mikono. Ukigonga nyanyuka, kanywe maji, chungulia dirishani, ndio urudi. Nimewaambia watu wengi, wanacheka, wakijaribu wananiambia fundi ni kweli nikishanyanyuka mara nyingi sirudi. Zima pia zile notifikesheni, "Jake anakukumbuka", hakukumbuki huyo. Kwenye simu nyingi za Android kuna Digital Wellbeing ndani ya setingi, unaliwekea gemu dakika zake kwa siku, zikiisha linajifunga mpaka saa sita usiku. Unaweza kulifungua tena mwenyewe ukitaka, lakini itabidi uingie setingi, utafute, ubadilishe, na hizo sekunde ishirini ndio pisha yenyewe.

Kuliondoa kwenye ukurasa wa kwanza wa simu nako kunasaidia kidogo. Kidogo.

Na wewe fundi, mbona tunakukuta unacheza?

Nafanyia kazi. Nikibadilisha kioo lazima nipime tachi, na hakuna kipimo kizuri kama kile: kinataka kushoto, kulia, juu, chini, kugusa mara mbili, haraka haraka, sehemu zote za kioo. Kama kuna sehemu imekufa dogo anagonga hapo hapo. Tena kwa simu zinazokuja naweza kukuambia mwenye simu anacheza nini kabla hajafungua mdomo, kinga ya kioo ya mchezaji wa mbio imechubuka katikati upande wa chini, msalaba kabisa, kama mtu kachora kwa msasa.

Kipimo ni dakika mbili.

Siku nyingine kinakuwa kirefu zaidi, inategemea na kioo.

Simu yangu itakuwa tayari saa ngapi?

Saa kumi njoo. Ila ukinikuta nimeinama usiniite kwa sauti, nipo juu ya behewa.